Viwanja Viwili vya Sapiwi: Kuhusu Haki ya Kucheza Tofauti

Nilipokuwa mtoto Sapiwi, mwezi wa saba ulikuwa na vumbi la namna yake. Pamba imekwisha kupimwa, mtama umo ghalani, na miguu iliyoshinda shambani tangu mvua za kwanza sasa ina ruhusa ya kucheza. Aliyekuja kwa baiskeli kutoka Bariadi aliisikia ngoma kabla hajaona mtu. Akikaribia, alikuta jambo la kumshangaza mgeni yeyote: ngoma zilikuwa mbili, zikipigwa kwa wakati mmoja, katika viwanja viwili vilivyo karibu, na watu wakikimbia kutoka huku kwenda kule kama maji yanayotafuta mteremko. Huku Wagika, kule Wagalu. Hapakuwa na jukwaa, wala tiketi, wala majaji wenye karatasi. Kiwanja kilichojaa watu ndicho kilichoshinda.

Picha hiyo imenirudia mwezi uliopita, kwa sababu ya mwanafunzi aliyeingia ofisini kwangu na uso wa msiba. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza kama amefiwa. Akasema hapana, ila kundi lake limevunjika. Kumbe yeye na wenzake wana mchezo wanaouendesha kwa simu. Wanatunga hadithi moja kwa pamoja, na kila mmoja amejitwalia mhusika wake: huyu mtemi, yule manju, mwingine mwindaji wa nungunungu, mwingine mfanyabiashara wa misafara ya pembe. Kila jioni kila mmoja huandika kauli na matendo ya mhusika wake, na hadithi husonga mbele bila mtu mmoja kujua itaishia wapi. Walianza wachache wanaojuana. Wakakaribisha marafiki, na marafiki wakaleta marafiki zao. Penye wengi pana mengi.

Wapo waliotaka hadithi iende polepole, kwa lugha iliyopambwa, mtu aeleze hata harufu ya mvua kabla mtemi hajafungua kinywa. Wapo waliotaka vita kila usiku. Wapo waliotaka mapenzi. Mmoja alitaka historia ifuatwe kikamilifu, na kila alipoona bunduki mahali isipostahili alisimamisha mchezo kwa maelezo marefu. Siku moja mpenda vita akamuua mhusika wa mwenzake aliyekuwa amelala, bila kumwuliza mwenyewe. Ugomvi ukawaka. Msimamizi wa kundi akaamka asubuhi akawaondoa watu kumi na mmoja kwa mkupuo, akiandika kwamba hao hawajui kucheza. Mwanafunzi wangu hakuondolewa. Aliyeondolewa ni rafiki yake wa tangu sekondari, na ndilo lililomtia majonzi. “Mwalimu,” akaniuliza, “nani ana haki?”

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa kicheko. Nilimwambia ana mitihani, aachane na mambo ya kitoto. Akashukuru kwa adabu, akatoka. Jioni ile nilijiona nimekosa. Nimetumia miaka mingi kufundisha kwamba siasa ni namna watu wasiofanana wanavyoishi pamoja, na siku siasa hiyo ilipoingia ofisini kwangu ikiwa imevaa nguo za mchezo, niliifukuza. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa.

Nianze kwa kusema kwamba swali lake halikuwa dogo. Mchezo wa kuigiza nafsi nyingine ni mkataba. Watu kadhaa wanakubaliana kwamba kwa muda fulani huyu ni mtemi ingawa kwao analala chumba cha kupanga, na kwamba maneno yake yatapokewa kama ya mtemi. Mkataba huo haulindwi na askari wala mahakama. Unalindwa na hiari ya wanaoucheza. Kwa hiyo ni darasa gumu la uraia kuliko mengi tunayoyafundisha: hapo mtu hujifunza kuishi na mwenzake aliyekuja mahali pale pale kwa sababu tofauti na yake. Anayezoea kumfukuza mwenye ladha nyingine katika mchezo, kesho atakaa nyuma ya meza ya ofisi akiwa na muhuri, na tabia ile ile atakuwa nayo.

Sasa nirudi Sapiwi. Masimulizi ya Usukumani yanaeleza kwamba vyama vya Wagika na Wagalu vilianza karne ya 19, kutokana na ushindani wa watu wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na waganga. Kila mmoja alidai kwamba dawa yake ndiyo yenye nguvu ya kuvuta watu. Kutoka kwao yakatokea makundi mawili yaliyoenea Usukuma mzima, na mpaka leo ukienda Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi wa sita, utayaona yakishindana. Sherehe hiyo inaambatana na sikukuu ya Ekaristi. Ilikua kutokana na juhudi za padre wa Kikanada, David Clement, na Wasukuma aliofanya nao kazi, ambao waliona kwamba ngoma inaweza kukaa jirani na kanisa bila kuuawa.

Tazama jinsi utaratibu huu ulivyofumwa. Hakuna anayemtaka Mgika acheze Kigalu. Hakuna baraza linaloamua ngoma ipi ndiyo ngoma ya kweli. Yupo apendaye majembe yanayorushwa hewani katika bugobogobo. Yupo apendaye nyoka wa buyeye. Yupo mzee asiyejali majembe wala nyoka, amekuja kusikiliza maneno ya manju tu, kwa sababu wimbo wa mwaka huu umemtaja jirani yake kwa mafumbo. Wote wanakuta pa kusimama. Anayeogopa nyoka anajua kiwanja kipi kina nyoka, na hakuna amchekaye akisimama mbali. Uhuru mkubwa kuliko wote ni ule wa mtazamaji: ana miguu, na njia ya kwenda kiwanja cha pili iko wazi.

Katika ukoo wetu babu alikuwa Mgika na mjomba wangu Mgalu. Wakati wa ngoma walitupiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku ya pili walikuwa shamba moja, wakinywea maji kibuyu kimoja. Niliwahi kumwuliza babu kwa nini asimshawishi mjomba ahamie kwao, kwa kuwa aliamini kabisa kwamba Wagalu hawajui kucheza. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mto hauna milango. “Akija kwetu,” akasema, “tutashindana na nani?”

Sitaki kuupamba ushindani huo kupita kiasi. Wagika na Wagalu walitishana kwa dawa, na hofu ya kurogwa haikuwa mchezo kwa walioiamini. Kumfanya mtazamaji kuwa hakimu pekee nako kuna gharama yake: kila mwaka lazima nyoka awe mkubwa zaidi na kisa kiwe cha hatari zaidi, maana umati huchoka upesi. Wingi wa watu hueleza nani amependeza zaidi jioni ile. Haujathibitisha nani ana haki. Hata hivyo, wazee wetu walitatua jambo moja ambalo msimamizi wa kundi la mwanafunzi wangu hakulitatua: walikubali kwamba ladha mbili haziwezi kushindana kwa heri katika kiwanja kimoja, kwa hiyo wakapima viwanja viwili.

Kwa nini basi sisi wasomi, tuliozaliwa karibu na viwanja hivyo, tunakimbilia kufukuzana? Nadhani tumelelewa zaidi na mchezo mwingine, nao ni ngonjera.

Msomaji wa umri wangu anaikumbuka. Watoto wawili au zaidi wanasimama mbele ya wazazi, mmoja akiwa mjinga na mwingine mwerevu. Mjinga anapinga kilimo cha kisasa, au elimu ya watu wazima, au siasa ya Ujamaa. Mwerevu anamjibu ubeti kwa ubeti. Mwishowe mjinga anakiri kosa, wanashikana mikono, na wote wanaimba pamoja. Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa sanaa hiyo umbo na heshima, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilienea katika shule nchini kote. Siidharau. Ilifundisha Kiswahili kizuri, na ilimpa mtoto wa kijijini ujasiri wa kusimama mbele za watu. Lakini iangalie kama mchezo wa nafsi: matokeo yake yanajulikana kabla haujaanza. Mpinzani amewekwa pale ili ashindwe kwa furaha. Hakuna ngonjera ninayoikumbuka ambayo mwishoni pande mbili ziliagana zikiwa bado hazikubaliani, na zikapanga kukutana tena mwakani.

Ngoma za Wagika na Wagalu huishia hapo hasa. Hakuna aliyeongoka. Kuna aliyeshinda mwaka huu, na kuna aliyekwenda nyumbani kutunga wimbo wa kulipiza.

Naona nchi yetu imerithi michezo yote miwili, lakini ofisini na darasani tunaucheza mmoja tu. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na bado tunategemea kila mdahalo uishe kama ngonjera, mpinzani akishika mkono wa mwerevu na kukiri. Asipokiri, tunasema ana ajenda, au ametumwa, au hajui kucheza.

Hapa naomba nizungumze na watumishi wa umma, maana najua wengi mnanisoma. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao, akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nia ilikuwa njema, na ilizipa ngoma hadhi zilizonyimwa na mkoloni. Lakini tazameni tumefika wapi katika sherehe zetu za wilaya. Kikundi cha ngoma kinaitwa tangu alfajiri, kinakaa juani kikimsubiri mgeni rasmi, na kinapopewa nafasi kinaambiwa: dakika tano, wimbo uwe wa kumsifu mgeni, nyoka hapana, mafumbo hapana. Kisha tunaandika katika taarifa kwamba utamaduni umeenziwa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu amechezeshwa ya wengine, hata kama uwanja uko mlangoni kwake. Sisemi kwamba mkuu wa wilaya hana haki ya kutaka shughuli yake iende kwa ratiba. Anayo. Nasema awaambie wachezaji mapema kwamba hii ni shughuli ya itifaki, wachague kuja au kutokuja, na asidhani kwamba alichokiona ndiyo ngoma yenyewe.

Kutoelewana juu ya mchezo ni wa namna gani kumewahi kuwa na madhara makubwa kuliko hayo. Mwanahistoria Terence Ranger alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima kuhusu ngoma ya beni, iliyotoka pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Afrika Mashariki yote. Vijana walivaa sare, wakapiga gwaride na tarumbeta, wakajipa vyeo vya mfalme, jenerali na daktari. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Bara kukawa na Marini na Arinoti: Marini wakijiona waungwana, Arinoti wakiwa kimbilio la wageni na watu wa chini. Hata ndani ya mchezo mmoja ladha ziligawanyika kwa tabaka na asili, na kila upande ukajijengea kundi lake. Walioshindwa kuelewa ni watazamaji wenye mamlaka. Maofisa wa kikoloni waliwaona watu weusi wenye vyeo vya kijeshi wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji, na wengine wakahofu kwamba hiyo ni njama. Baadhi ya wamisionari waliona upotovu. Mchezaji alijua kwamba yeye ni jenerali mpaka saa fulani tu. Mtawala hakuuliza saa hiyo ni ipi.

Hapa mwanaharakati ataniinukia, na ni haki yake. Atasema: mhadhiri, ukishasema kila mtu ana ladha yake, umefungua mlango wa kila uovu kujiita ladha. Atanitajia chagulaga, na atakuwa amegonga penyewe. Kwa wasioijua: ni desturi ya Usukumani ambapo vijana wa kiume humzingira msichana atokapo kwenye ngoma au mnadani, wakimtaka achague mmoja wao. Wapo wanaoitetea kwamba ni mchezo wa jadi uliokuwa na adabu zake, na kwamba binti hodari aliwajibu kwa maneno yaliyowafanya wachekwe mwaka mzima. Huenda palikuwa na binti wa namna hiyo. Lakini aliyezingirwa na wanaume kumi usiku, njia imezibwa, na neno “simtaki yeyote” halikubaliwi kuwa jibu, hachezi. Anachezewa. Tangu mwaka 1998 tunayo sheria ya makosa ya kujamiiana, na hakuna jadi inayoweza kuisimamisha njiani.

Namshukuru mwanaharakati huyo, kwa sababu mfano wake unanipa mpaka niliokuwa nautafuta. Heshima kwa ladha tofauti inawahusu waliokubali kuingia na wanaoweza kutoka. Uangalie utani wetu. Mtani anaweza kuingia kaburini kwenye msiba wako na kukataa kutoka mpaka apewe fedha, nawe huruhusiwi kukasirika. Akifanya hivyo mtu asiye mtani wako, ni tusi lisilosahaulika. Tendo ni moja, ila makubaliano yaliyolitangulia hayapo. Au nenda Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa, uone wanaume wa pande mbili wakipigana kwa mapande ya migomba. Wamechagua mgomba na kuacha rungu, wamechagua siku, na wanajua mapigo yanakoma wapi. Ondoa mojawapo kati ya hayo matatu, na kinachobaki ni vurugu.

Kwa kipimo hicho sasa naweza kuhukumu kesi ya mwanafunzi wangu. Mpenda vita hakukosa kwa kupenda vita. Alikosa kwa kumuua mhusika wa mwenzake bila kuuliza, maana mhusika yule ni kazi ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa hajaingia vitani. Mpenda historia hakukosa kwa kujua historia. Alikosa kwa kuwafanya wenzake wanafunzi wake bila ridhaa yao, kosa ambalo sisi wahadhiri tunalijua sana. Wapenda mapenzi na wapenda maneno matamu hawakukosa lolote, ila kila upande ulidhani kwamba upande wa pili umekuja kuharibu, kumbe umekuja kula chakula kingine katika sinia moja. Msimamizi naye alikosa zaidi ya wote, kwa sababu alichanganya utunzaji na umiliki. Alikuwa na wajibu wa kusema tangu mwanzo: hapa tunacheza hivi, vita ni kwa makubaliano, anayetaka namna nyingine tutampimia kiwanja. Hakusema. Kisha akawaadhibu watu kwa kuvunja kanuni iliyokuwa kichwani mwake peke yake.

Najua hoja itakayokuja: kupima viwanja viwili si ni kugawanyika? Hatukulelewa tukiambiwa umoja ni nguvu? Umoja ni nguvu, naam. Lakini babu na mjomba hawakugawanyika. Walikuwa na mahindi yao, misiba yao na ng'ombe zao kwa pamoja. Walitenganisha kitu kimoja tu, ngoma, ili kisije kikaharibu vingine vyote. Kundi linalong'ang'ania watu wote wapende jambo moja huishia kupoteza jambo hilo pamoja na watu wenyewe. Hilo ni kweli kwa klabu ya wanafunzi, kwa kwaya, kwa chama cha siasa na kwa idara ya serikali.

Wiki iliyofuata nilimwita mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko, jambo ambalo naona lilimtisha kuliko kicheko chenyewe. Nikamsimulia habari za Sapiwi. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: “Mwalimu, nani aliyepima viwanja? Wagika au Wagalu?” Nikasema sijui, nadhani walipima pamoja. Akaniambia kwamba hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu msimamizi wao hapokei simu za wale kumi na mmoja.

Nimempa kazi moja, na nawapa nanyi mlio na uongozi wa aina yoyote, hata wa watu watano. Kabla ya kumwondoa mtu kwa kuwa hajui kucheza, mpigie. Mwulize alikuja kutafuta nini. Kama ni kitu ambacho kwako hakipo, msaidie kupima kiwanja chake, na umwachie njia ya kurudi. Juzi nimesikia kwamba rafiki yake ameanzisha hadithi ya pili, yenye vita kila usiku. Mwanafunzi wangu yumo katika zote mbili. Kwa kwanza ni manju, kwa pili ni askari, na ananiambia kwamba amekufa mara tatu, kila mara kwa ridhaa yake.